Jina Langu Kwenye Kadi Yako

Dearborn, 3 Juni 1999

Baba Samah,

Soksi zako nimezituma kwa boti ya barua inayowafuata melini, pamoja na karatasi hii. Wakati mnaivuta ndoo, mwambie huyo baharia wenu mwenye papara asiiyumbishe, kuna kopo la uwatu ndani. Safari iliyopita barua yangu ilikufikia inanuka dizeli, nami sikuiandika kwa dizeli.

Nakuandikia kwa sababu simu yako hainifai tena. Jumapili moja katikati ya Mei nilikueleza jambo hili dakika ishirini nzima, kadi ya simu ikaniishia mkononi, nawe ukasema inshallah, mashallah, halafu ukauliza kama mvua imenyesha. Sasa keti chini usome, maana karatasi haikatiki.

Mzee Pruchnik, yule Mpolandi mwoka mikate wa kona ya msikiti, magoti yamemshinda anataka kupumzika. Duka lake lina tanuri la matofali lenye ukubwa wa chumba chetu cha kulala. Ameonja mkate wangu akaniambia, "Mama, wewe chukua duka hili kabla sijampa mtu wa kuja kuuza simu." Baba Samah, mimi naoka mikate arobaini kwa siku kwenye jiko la nyumbani, minne minne. Mgongo wangu umekwisha. Wanawake wananisubiri mlangoni na mabakuli kama nagawa sadaka. Duka lile nalitaka. Sijawahi kukuomba kitu kwa kusema nakitaka, sasa nasema.

Pruchnik hana neno. Tatizo ni mkwewe, mwanasheria, anayetaka kuona faili ya mkopo, yaani rekodi ya kulipa madeni, ya mtu atakayetia sahihi. Nikasema mume wangu atatia. Akasema, "Mumeo yuko majini miezi tisa. Nikija kudai kodi nitamwona nani, samaki?" Kwa hiyo jina liwe langu.

Nikaenda na Samah kwa Bi. Denise wa ushirika wa akiba. Akaandika namba yangu ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasubiri, akanitazama kwa huruma. Hamna kitu. Si mbaya, si nzuri, hamna. Miaka kumi na sita niko nchi hii, nimezaa hapa, kodi ya nyumba nailipa kila tarehe mosi kwa mkono wangu, na kompyuta inasema hainijui.

Lakini Denise akanipa dawa. Aliuliza kama mume wangu ana kadi ya mkopo ya siku nyingi. Nikamwambia anayo tangu 1981, na hajachelewa hata siku moja. Akapiga meza kwa furaha. Anasema upige simu benki yako, uwaambie mkeo aandikwe mtumiaji aliyeruhusiwa. Basi. Deni linabaki kuwa lako, ila historia ya kadi inaandikwa kwenye faili yangu pia. Uaminifu wako wa miaka kumi na minane nitauvaa kama koti lako. Hata kadi yenyewe si lazima niishike.

Mkwe anataka jibu kabla ya tarehe mosi Oktoba. Piga simu hiyo, mume wangu. Ni dakika tano.

Mama Samah, Bilqis


Meli ya Harlan Voss, Ziwa Superior
11 Juni 1999

Mama Samah,

Soksi zimefika kavu. Uwatu umefika nusu, nusu nyingine iko kwenye ndevu za huyo baharia.

Nimesoma habari za duka mara mbili. Pruchnik ni mtu mwema. Lakini hili la kadi tusilifanyie haraka. Kadi ni mlango wa riba, nawe unajua nilivyoufunga. Bili inakuja, nalipa yote, benki haijawahi kula senti yangu. Leo nikianza kuandika majina ya watu humo, kesho itakuwa nini? Watu wa msikitini watasemaje?

Nikirudi Januari tutakaa tulizungumze vizuri na chai mbele yetu.

Huku kazi ni ileile. Mashine ina umri wangu na inalalamika kunizidi. Nashinda chini nikiipaka mafuta, nikipanda juu jua linaniumiza macho kama popo. Gunderson, fundi mkuu, ananifokea tangu asubuhi. Mpishi bado anatia nguruwe kwenye maharage halafu anashangaa nikila mkate mtupu. Nimechoka, Mama Samah. Si uchovu wa kulala.

Usiniandikie kwa hasira.

Mosleh


Dearborn, 20 Juni 1999

Mosleh,

Umesema nisiandike kwa hasira, nikangoja siku tatu. Hasira haikutoka, kwa hiyo naandika nayo.

Januari! Nimekuambia Oktoba, wewe unanipa Januari na chai. Hiyo chai nitainywa nikitazama watu wananunua simu kwenye tanuri langu.

Na usinitolee dini, bwana. Kadi unayo wewe, umeibeba mfukoni kabla hata hujaja kuniposa kule kwetu Ibb. Ulimwonyesha baba yangu, akaishika kwa vidole viwili akaigeuzageuza, akadhani ni leseni ya serikali. Siku hiyo haikuwa mlango wa riba, ilikuwa sifa ya bwana harusi. Leo nataka jina langu tu liandikwe pembeni, mlango umekuwa wa jehanamu?

Nimemuuliza Imamu kupitia mkewe. Kasema maadamu bili inalipwa yote kwa wakati hakuna riba. Sasa umebaki na nini?

Mume wa Umm Walid, yule mbahili anayehesabu njugu, kamwandika mkewe mwaka jana. Mwanamke kapata gari kwa jina lake. Leo alinipita akapiga honi. Mimi nilikuwa nimebeba gunia la unga begani.

Unaogopa nitanunua dhahabu? Niambie. Unaona haya jina langu kukaa karibu na lako? Niambie pia. Nitaumia, lakini nitajua nasimama wapi. Kinachoniua ni wewe kuzungukazunguka.

Jumamosi ya tarehe tano nilikwenda na Samah pale bustanini kando ya mto kwa sababu gazeti liliandika kuwa Harlan Voss itapita saa nne. Ilipita. Niliiona boti ya barua ikijibandika ubavuni, nikaiona ndoo ikipanda na barua yangu ya duka ndani. Nikapunga mtandio. Nikaita jina lako, watu wakageuka. Hukutokea juu. Najua ulikuwa chini kwenye mashine, lakini nimerudi nyumbani na moyo mzito, na sijui kwa nini nakuambia.

Piga hiyo simu.

Bilqis


Meli ya Harlan Voss, bandari ya Superior
2 Julai 1999

Mama Samah,

Nimeipiga. Umeandikwa. Mpishi ndiye aliyezungumza na benki kwa niaba yangu, Kiingereza cha watu wa benki kina haraka. Nilimsomea tarehe yako ya kuzaliwa akasema mkeo bado kijana, nikamwambia afunge mdomo.

Kadi yenye jina lako itakuja nyumbani. Iweke kabatini. Na barua za benki zikija usizifungue, zirundike tu mpaka nirudi. Hazina maana, ni karatasi za kuchosha macho.

Sioni haya jina lako kukaa na langu. Usiandike tena neno hilo.

Mosleh


Dearborn, 6 Agosti 1999

Mume wangu,

Leo naandika haraka, unisamehe mwandiko.

Jana nilirudi kwa Denise. Nilivaa abaya mpya, nikampelekea mkate wa moto. Akaandika namba yangu, safari hii kompyuta ikanijua. Akafurahi, halafu akaacha kufurahi. Alisema faili yangu imezaliwa inaumwa. Kadi yako mwisho wake ni dola elfu nne, na ndani yake mna deni la elfu tatu na mia saba. Denise anasema kadi iliyojaa hivyo inamvuta chini kila aliyeandikwa humo, na mimi sina kitu kingine cha kunishikilia. Kwa mwanasheria yule, afadhali nilivyokuwa sijulikani.

Nikasema kompyuta imekosea. Mume wangu hadaiwi. Nilisema kwa sauti, Mosleh, mbele ya foleni nzima.

Nikaja nyumbani nikazifungua barua za benki. Ndiyo, nimezifungua. Samah alinisomea. Tarehe 21 Mei, dola elfu tatu mia nne themanini, Dkt. Lindqvist, Superior. Halafu chini yake riba. Na mwezi uliofuata riba tena. Samah akaniangalia, akasema, "Mama, labda benki wameandika vibaya." Mtoto wa miaka kumi na minne ananifariji mimi.

Wewe, riba. Wewe uliyemrudishia mjomba wako zawadi ya harusi kwa sababu aliinunua kwa mkopo.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya riba, wala ya duka. Lindqvist ni daktari wa nini? Dola elfu tatu si za jino. Sasa nakumbuka ulivyokonda Januari, na ulivyokuwa unakaa nasi sebuleni unatabasamu tu, hujibu kitu. Nilidhani umetuchoka. Unaumwa nini? Ni moyo? Ni ule ugonjwa usiotajwa? Nimekuandikia maneno ya njugu na honi na kumbe wewe labda unakufa huko chini kwenye mashine. Tanuri lichukuliwe. Niambie tu.

Bilqis


Meli ya Harlan Voss, Ziwa Huron
12 Agosti 1999

Bilqis,

Sifi. Tulia, msomee Samah mstari huu kwanza. Sifi.

Ni masikio. Miaka ishirini na mbili ya ile mashine imeyala. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia linasikia kishindo, halisikii maneno. Ulipokuwa ukinipigia simu nilikuwa nasikia kama mtu anaongea na blanketi mdomoni. Nikajifunza kukujibu kwa kubahatisha. Ukipandisha sauti nasema inshallah, ukishusha nasema mashallah, ukinyamaza nauliza mvua. Januari sebuleni nilikuwa natazama midomo yenu. Nyote watatu, wewe na Samah na televisheni, mlikuwa mnaongea kwa pamoja, nikaona nitabasamu tu.

Mashine naisikiliza kwa kiganja. Naweka mkono kwenye bomba najua kama inaumwa. Gunderson hajagundua, anadhani mimi ni mjeuri.

Machi kampuni itatupima masikio sote. Atakayeshindwa anashuka, nami imebaki miaka miwili nipate pensheni kamili. Wanakubali uvae vifaa vya masikio, ila kulipia ni juu yako. Hiyo pesa sikuwa nayo, nikatoa kadi. Niliwaza nitailipa kabla bili haijaja, kisha shangazi akafariki Ibb, nikatuma ya mazishi. Bili ikanikuta sina. Riba ya kwanza nilipoiona nilikwenda chooni nikajifungia, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Na barua yako ya duka ilipopanda na ndoo, deni lilikuwa tayari liko humo. Ningekuandika kwenye kitu gani, Bilqis? Nilijua kadi imejaa. Sikujua kama itakudhuru, niliogopa tu utaona. Nikatoa dini mbele nijifiche nyuma yake. Kwa hilo naomba radhi kwako na kwa Mola.

Daktari amenipa siku tisini za kuvijaribu. Nikwambie kitu? Siku ya kwanza nilisikia nyayo zangu mwenyewe kwenye ngazi ya chuma, nikageuka nikidhani kuna mtu. Nilisikia maji yakitoka bombani. Nikamsikia mpishi akinitukana, nikamkumbatia. Nilikuwa nahesabu miezi mpaka Januari, niingie sebuleni, useme kitu chochote, hata unitukane.

Meli inaelekea Superior kuchukua madini. Tarehe mosi Oktoba bado iko mbali. Nipe wiki mbili.

Mosleh


Meli ya Harlan Voss, bandari ya Superior
17 Agosti 1999

Mama Samah,

Deni limeondoka, limebaki la dola mia mbili hivi, nitalimaliza kwa mshahara wa wiki hii. Mwambie Bi. Denise atazame tena mwezi ujao. Usiulize pesa imetoka wapi, ni halali.

Mosleh


Dearborn, 23 Septemba 1999

Baba Samah, Baba Samah!

Nina tanuri!

Denise aliandika namba yangu, akageuza kompyuta nione mwenyewe. Alama zangu za kulipa madeni ni mia saba na kumi na mbili. Mkwe wa Pruchnik aliisoma karatasi akaivua miwani akaivaa tena. Anasema zake mwenyewe hazifiki hapo. Nimetia sahihi kurasa sita, B-I-L-Q-I-S, polepole, kila mtu ananisubiri, na sikuona haraka ya nini. Pruchnik alilia. Alisema ni vumbi la unga.

Jana tumeliwasha. Mikate hamsini kwa mkupuo mmoja, Mosleh, na sikuinama hata mara moja. Umm Walid alikuja kununua, nikamwambia apange foleni.

Nimekusamehe zamani, sikuandika tu kwa sababu ya shughuli. Najua chama cha mabaharia ndicho kilichokukopesha, mke wa Imamu kanihakikishia wanatoa bila riba. Mungu awalipe. Na sasa una masikio. Dukani kuna simu ukutani, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mkifika Toledo nipigie. Nina miezi sijaongea nawe ukanisikia.

Mkeo, mwenye duka


Dearborn, 9 Oktoba 1999

Mosleh,

Jumapili ulinipigia kutoka Toledo. Wateja walikuwa wamejaa, nikawaambia nyamazeni wote, mume wangu ananisikia leo.

Nikakuambia duka linakwenda vizuri. Ukasema mashallah. Nikakuambia nimeungua mkono na sinia mpaka kwenye kiwiko. Ukasema mashallah. Nikanyamaza. Ukauliza kama mvua imenyesha.

Niliweka simu nikaenda nyuma kwenye magunia nikakaa. Samah akauza peke yake.

Jumatatu nilimwambia Samah apige Superior. Katibu wa daktari alikuwa mpole. Alisema Bw. Mosleh alivirudisha tarehe 16 Agosti, siku ya themanini na saba, kwenye kisanduku chake, vimepanguswa vizuri, na pesa ikarudi kwenye kadi. Alisema daktari alimsihi akae navyo alipe kidogo kidogo, nawe ukasema mkeo anahitaji nafasi kwenye kadi.

Sijui nikutukane au nifanye nini. Umerudi kwenye kubahatisha ili mimi nisiiname. Pensheni yako ya miaka ishirini na mbili umeiweka chini ya tanuri langu kama kuni. Na hukusema. Ukiandika unaandika halali, usiulize. Mimi nikawa najichekea mwenyewe nikiwasimulia wateja kuwa mume wangu sasa anasikia.

Basi sikiliza na mimi nilichofanya. Kadi yenye jina langu ilikuwa kabatini chini ya kanga za utoto wa Samah, kama ulivyoagiza. Denise alinionya nisiiguse kamwe, kazi yake ni kukaa. Nikaitoa nivinunue tena vifaa vyako. Nikamsomea katibu namba zote kumi na sita kwa Kiingereza changu mwenyewe, sikumpa Samah. Akauliza mimi ni nani kwenye akaunti hiyo. Nikasema mtumiaji aliyeruhusiwa. Akasema asante, Bibi, imepita.

Denise kashika kichwa. Anasema alama zitashuka kama jiwe. Zishuke. Mkataba umeshatiwa sahihi, wa miaka mitano, na mkwe hawezi kunitia tena kwenye kompyuta kila asubuhi. Riba itatuuma miezi minne, mitano, mpaka mikate iilipe. Najua inavyokuchoma. Hiyo dhambi tugawane nusu kwa nusu, kwani kwenye kadi tuko wawili.

Vifaa vimekuja kwangu kwa posta, ni vilevile vyako, na nakutumia kwa boti. Viko katikati ya mkate mkubwa, ndani ya kitambaa, kwa hiyo usiume kabla hujaukata. Mwambie yule baharia ndoo hii akiiyumbisha nitamfuata mpaka Superior.

Mkono wangu unapona.

Ukishavivaa nipigie, bandari yoyote. Si lazima useme kitu. Kuna neno ambalo sijawahi kukuambia kwa sababu Ibb hatukufundishwa kulisema, na kwenye karatasi siliandiki. Nitalisema mara moja, wateja wasikie wasisikie. Ukikosa kulisikia usiniambie mashallah, Mosleh. Sema hujasikia, nitarudia.

Bilqis